Viti vya Chekechea

Mara ya kwanza nilipita.
Nilipita kama mwenye safari ya mbali,
baiskeli naikokota, mnyororo mzima,
najifanya umekatika.
Barabara ya Kumi na Sita, nyumba ya bati jekundu,
ndivyo alivyonielekeza muuguzi wa Bombo,
yule aliyenishona nyusi mara mbili mwaka mmoja
asiniulize nimejikwaa wapi.
"Alhamisi, saa kumi na moja. Ulizia chekechea."

Niulizie chekechea! Mtu mzima, mvi kidevuni.
Muuza kahawa alinitazama juu mpaka chini.
Nikasema namfuata mjukuu.
Mjukuu sina. Ninaye binti, yuko Muheza,
simu yangu huiacha ilie mpaka ichoke.

Mara ya pili nilifika siku siyo.
Ijumaa. Mlango umefungwa kwa waya.
Nikafurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi
kama mtoto asiyefanya hesabu
aliyeambiwa mwalimu anaumwa.
Nikanyoosha moja kwa moja hadi Kisosora,
kwa mama mwenye chupa zisizo na lebo.
Kule hakuna siku siyo.

Mara ya tatu ni mvua.
Ningependa kusema ni moyo, lakini ni mvua ya vuli,
na kibaraza cha karibu kilikuwa kile.

Ndani, watu saba juu ya viti vya watoto,
magoti yamepanda hadi kifuani.
Ukutani A ya Ananasi, B ya Bata,
CH ya Chupa.
Nikasoma tena. Chungwa.
Ni chungwa, limechorwa na jani lake.

Semkiwa, aliyekuwa nyapara shamba la katani,
alisimulia alivyouza jembe, kisha mabati, kisha kiwanja,
akanyamaza pale palipobaki neno moja
na hakuna aliyemsaidia kulisema.
Mwanahija mshonaji alikuwa akificha yake
ndani ya kopo la mafuta ya cherehani.
Usiku mmoja alikosea kopo.
Tulicheka, naye akacheka,
kisha tukaona kuwa yeye hacheki tena.

Nilikuja na utetezi wangu, nimeupanga:
kiwanda kilivyofungwa, mke alivyoondoka,
rafiki walivyonichimba.
Hakuna aliyeuliza.
Ilikuja birika ya mchaichai,
na kikombe changu kikaanza kugonga kisahani,
ti ti ti ti,
nilipoinua macho kila mtu anatazama chai yake,
kwa adabu ya watu wanaoujua mlio ule.

Zamu yangu ikafika.
Naitwa Hiza. Ni fundi baiskeli.
La tatu lilikwama kooni kama mwiba wa changu.
Semkiwa akasema, "Ya leo yametosha, Hiza."

Tanga, husema watu, waja leo waondoka leo.
Miaka yote nilidhani ni utani wa kuwafanyia wageni.
Kumbe leo ni kipimo, kama kibaba:
hawanidai mwaka, hawanidai kiapo,
wananidai leo mpaka taa izimwe.
Hiyo nayo, kuna siku imenishinda.
Nilihesabu arobaini na moja, nikarudi sifuri.
Nikahesabu tisa. Sifuri.
Ile sentensi ya tatu niliisema siku ya sifuri ya pili,
nikinuka, mlangoni, kabla sijakaa,
na Mwanahija akanisogezea kiti kidogo kwa mguu.

Sasa mwenye koleo ni mimi.
Alhamisi nafika mapema kuufungua waya,
nafuta chaki, nabandika maji.
Juzi kuna kijana alipita nje, simu sikioni,
anaongea kwa nguvu, "Ndiyo, ndiyo, nakuja,"
na simu yenyewe, naiona, kioo kimezima.
Alipita. Akarudi. Akapita.

Sikumwita.
Niliusukuma mlango kidogo, ukabaki wazi,
nikaongeza kikombe kwenye sinia.